Mtoto wa fizikia asitolewe bwawani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno juu ya jambo linalozuka kila mara matokeo ya kidato cha pili yanapotoka, hapa kwetu Moshi na kwa majirani zetu wa Arusha. Mtoto akionekana ana kichwa cha hesabu na fizikia, na papo hapo akawa mwogeleaji mzuri, wakubwa humkalisha chini na kumtaka achague: ama awe mhandisi, ama awe mtu wa michezo. Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule moja ya sekondari ya mjini hapa, ambapo ilitangazwa kwamba wanafunzi wanaotazamiwa kwenda mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) wataondolewa katika kikosi cha kuogelea ili watulie na vitabu. Wazazi walipiga makofi. Mimi, niliyeanza kazi ya simu siku za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977, na niliyeogelea mpaka magoti yaliponigomea, sikupiga.

Sikusimama kubishana, kwa kuwa kikao cha wazazi si mahali pa hotuba ndefu, na mwalimu aliyetoa tangazo lile alikuwa na nia njema. Lakini hoja aliyoitumia, kwamba hajapata kutokea bingwa wa kuogelea aliyekuwa pia mtu wa michoro na mahesabu, si ya kweli hata kidogo. Bingwa wa kwanza kabisa wa kuogelea katika Olimpiki za zama hizi alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, na maisha yake yanafaa kusimuliwa kwa urefu katika shule zetu, hasa zile zinazojisifu kwa kupeleka vijana vyuo vya ufundi.

Alfréd Hajós alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 1 Februari 1878, kwa jina la Arnold Guttmann. Alipokuwa na umri wa miaka 13 baba yake alikufa maji katika mto Danube, na kijana akaamua kwamba yeye ni lazima ayamudu maji. Sisi tuliousikia redioni msiba wa MV Bukoba mwezi Mei 1996, tukawazika jamaa na majirani, hatuhitaji kuelezwa ni uamuzi wa namna gani huo. Wengi wetu baada ya msiba kama ule tuliwakataza watoto kukaribia maji. Yeye aliyafuata, akajifunza, na kabla hajafikisha miaka 20 akawa anashinda mashindano ya Ulaya.

Michezo ya Athens ya mwaka 1896 haikuwa na bwawa. Mashindano ya kuogelea yalifanyika baharini, katika ghuba ya Zea karibu na bandari ya Piraeus, tarehe 11 Aprili, maji yakiwa na nyuzi joto 13 hivi, baridi ambayo anayeijua ni yule aliyewahi kujitosa mto Karanga alfajiri ya mwezi Julai. Waogeleaji walipakiwa katika mashua, wakapelekwa mbali na pwani, wakashushwa majini, kisha kila mmoja akarudi ufukweni kwa nguvu zake. Hajós, mwenye miaka 18, alishinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 22.2, akimtangulia Otto Herschmann wa Austria kwa muda mfupi tu. Baadaye akaingia mbio za mita 1,200, safari hii akiwa amejipaka mafuta mazito mwili mzima ili kujikinga na baridi, na alipotazama nyuma akiwa katikati ya mawimbi, kwa maelezo yake mwenyewe, hamu ya kubaki hai ilizidi hamu ya kushinda. Alimaliza kwa dakika 18 na sekunde 22.2, na mshindi wa pili alifika zaidi ya dakika mbili na nusu baadaye. Alikuwa amekusudia kushinda na mita 500 pia, ila ratiba iliiweka katikati ya mbio zake mbili, pasipo nafasi ya kupumzika. Mbio hizo zilichukuliwa na Paul Neumann, kijana mwingine wa Austria, ambaye naye baadaye alikuwa daktari wa tiba. Kwa hiyo mbio zote tatu za kuogelea zilizokuwa wazi kwa kila mshiriki, mbali na ile iliyotengwa kwa mabaharia, zilichukuliwa na vijana waliokuja kuwa wataalamu katika fani nzito. Kikao chetu cha wazazi hakikuwa na habari hiyo.

Husimuliwa kwamba katika karamu ya washindi mrithi wa ufalme wa Ugiriki alimuuliza Hajós alijifunzia wapi kuogelea vizuri namna ile, naye akajibu: majini. Napenda jibu hilo, lakini napenda zaidi kisa cha aliporudi nyumbani. Chuo chake cha ufundi kilikuwa kimempa ruhusa ya safari shingo upande, na mkuu wake, badala ya pongezi, alimwambia kwamba medali zake hazimhusu. Anachongoja kwa hamu ni majibu yake katika mtihani unaofuata. Mkuu huyo angekuwa Moshi leo angeshangiliwa. Hata hivyo ona tofauti: hakumfukuza kijana bwawani, alimwekea tu mtihani mezani, na kijana akaufanya. Naona huo ndio ukali unaofaa, na sina ugomvi na mwalimu yeyote atakayeuiga.

Naomba nichepuke kidogo, kwa kuwa mtu wa simu hawezi kuitaja Budapest ya miaka ile akapita kimya. Katika mji huohuo, mwaka 1893, Hajós akiwa mvulana wa miaka 15, Tivadar Puskás alianzisha huduma ya kusoma habari kupitia nyaya za simu: mteja aliweka chombo sikioni nyumbani kwake na kusikiliza taarifa za siku na muziki, miaka mingi kabla ya redio kuanza kutangaza. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika mji ambao uhandisi ulikuwa gumzo la kila siku, na hapakuwa na ajabu yoyote mwanafunzi wa ufundi kuchora asubuhi na kuogelea jioni.

Baada ya Athens hakujifungia upande mmoja. Alicheza mpira wa miguu, na alikuwamo katika timu ya taifa ya Hungaria ilipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa dhidi ya Austria mwaka 1902. Alijifunza kazi kwa wasanifu wakubwa wa nchi yake, Ignác Alpár na Ödön Lechner, kisha akafungua ofisi yake. Mwaka 1924, Olimpiki za Paris zilipokuwa bado na mashindano ya sanaa, yeye na mwenzake Dezső Lauber waliwasilisha mchoro wa uwanja wa michezo wakapewa medali ya fedha. Ya dhahabu haikutolewa kwa mtu yeyote katika fani hiyo. Ni watu wawili tu katika historia waliopata medali za Olimpiki katika michezo na katika sanaa pia, na Hajós ni mmojawapo. Mwaka 1930 likafunguliwa bwawa la taifa la kuogelea alilolichora yeye, katika kisiwa cha Margit katikati ya Danube, mto uleule uliomchukua baba yake. Bwawa hilo sasa lina jina lake, na mashindano ya Ulaya ya mwaka 2006 na ya mwaka 2010 yaliogelewa humo. Alifariki Novemba 1955 akiwa na miaka 77.

Mtu anaweza kuniambia kwamba usanifu majengo si umeme wala mawasiliano, na kwamba nimechagua mfano wa mbali. Haya, nije kwenye fani yangu mwenyewe, maana kuogelea kwa mashindano kulikwama kabisa mpaka watu wa umeme walipoitwa kukuokoa.

Katika Olimpiki za Roma mwaka 1960, fainali ya mita 100 mtindo huru kwa wanaume, John Devitt wa Australia na Lance Larson wa Marekani waligusa ukuta karibu pamoja. Kila njia ilikuwa na watu watatu wenye saa za mkono, zile za kusimamishwa kwa kidole. Saa tatu za Devitt zilionyesha sekunde 55.2 zote, za Larson zilionyesha 55.0, 55.1 na 55.1. Lakini ushindi siku zile ulitolewa kwa macho ya majaji. Wa nafasi ya kwanza walikuwa watatu, na wawili kati yao walimtaja Devitt. Wa nafasi ya pili nao walikuwa watatu, na wawili wakasema Devitt ndiye wa pili. Majaji sita, nusu kwa nusu. Jaji mkuu akaamua kwa Devitt, na muda wa Larson ukaandikwa upya ili ufanane na uamuzi. Mimi kama mhandisi jambo hilo la mwisho ndilo lililonikera kuliko yote: kipimo kikipingana na maoni, wakabadilisha kipimo.

Kashfa hiyo ndiyo iliyosukuma matumizi ya vibao vya kugusa, vilivyotumika Winnipeg mwaka 1967 katika michezo ya nchi za Amerika na mwaka uliofuata katika Olimpiki za Mexico. Kibao kinatundikwa ukutani ndani ya maji. Mawimbi hayakiamshi, mkono wa mwogeleaji ukikisukuma mguso unafunga saketi ya umeme, na saa inasimama pasipo kungoja kidole cha mtu. Waliofanya kazi katika mitambo ya simu ya zamani wataitambua kazi hiyo mara moja. Simu ya kuzungusha ilifanya hivyohivyo: ukizungusha 7, saketi ilikatika mara saba, kwa kasi ya mikatiko 10 hivi kwa sekunde, na kule kwenye mtambo rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, zilihesabu mikatiko hiyo moja baada ya nyingine, kwa umeme wa volti 48 uliotoka kwenye betri zilizopangwa chumba cha chini. Rilei iliyochoka ilihesabu sita badala ya saba, na mteja akampigia mtu asiyemjua. Nimetumia miaka mingi nikisafisha midomo ya rilei za namna hiyo kwa kipande cha ngozi laini, nikisikiliza mlio wake ili nijue ipi inachelewa, na sijaona tofauti kubwa kati ya sikio hilo na sikio la kocha anayesikiliza mipigo ya miguu majini.

Kisha mitambo nayo ikavuka mpaka. Munich mwaka 1972, mbio za mita 400 za mchanganyiko wa mitindo, Gunnar Larsson wa Sweden alitumia dakika 4 na sekunde 31.981, na Tim McKee wa Marekani 4 na 31.983. Dhahabu ilitolewa kwa tofauti ya sehemu mbili za elfu ya sekunde. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulipiga hesabu hilo: gawanya mita 400 kwa sekunde 272, unapata mwendo wa takriban mita moja na nusu kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 0.002, unapata milimita tatu. Sasa ni fundi gani wa saruji atakayeapa kwamba njia ya nne na ya tano za bwawa lake zinalingana urefu mpaka milimita tatu? Unene wa rangi na vigae peke yake unatosha kuharibu hesabu. Wakuu wa mchezo walilielewa hilo, wakarudi kwenye sehemu za mia, na tangu hapo waliofungana hugawana medali. Ndiyo maana Rio mwaka 2016, katika mita 100 kipepeo, tuliona watu watatu wakipanda pamoja nafasi ya fedha kwa sekunde 51.14: Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria.

Nimekaa sana hapo makusudi. Watu wanaotetea michezo shuleni hupenda kusema inajenga nidhamu, neno ambalo limesemwa mpaka limechakaa, na mzazi mwenye ada ya kulipa halimshawishi. Mimi nasema kuogelea ni fizikia yenyewe. Mpe mwanafunzi wa PCM saa, mweke ukingoni na wenzake wawili, wapime muda wa mwogeleaji mmoja, kisha walinganishe majibu yao matatu ambayo hayatafanana. Hapo atakuwa ameyaona kwa macho makosa ya vipimo ambayo kwenye kitabu aliyakariri tu. Akibadilisha nafasi akaingia yeye majini, atajifunza kwa ngozi yake mwenyewe ukinzani wa maji ni nini na kwa nini kichwa kikinyanyuka miguu huzama. Kumtoa mtoto huyo bwawani ili akasome fizikia ni kumnyang'anya maabara.

Najua jibu litakalofuata: mabwawa yako wapi? Ni kweli kwamba mabwawa mengi ya Moshi na Arusha yako kwenye hoteli na katika shule chache za ada kubwa, na mengi ni mafupi. Watoto wengine hujifunza mitoni au katika chemchemi ya Chemka kule upande wa Boma Ng'ombe, na wenye ujasiri usio na akili huenda Ziwa Duluti pale Tengeru au Ziwa Chala mpakani, maziwa ya volkano ambayo kina chake si cha kujifunzia. Lakini ufupi wa bwawa haujamzuia mtu. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki za Sydney mwaka 2000, katika bwawa fupi la hoteli, na bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza alipofika huko. Aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, peke yake, wenzake wawili wakiwa wameondolewa kwa kuanza mapema. Ulimwengu ulimcheka kwanza, kisha ukamshangilia. Muda huo ni mbaya kuliko wa Hajós katika bahari ya baridi miaka 104 kabla, wala sioni haja ya kuuficha. Lakini aliendelea na mazoezi, akapunguza muda wake karibu nusu, akawa kocha wa taifa lake, na riziki yake akaipata kwa kazi ya uhandisi wa teknolojia ya habari. Huyo ni Mwafrika, wa zama zetu, mwenye bwawa kama yale tunayopita kila siku tukienda sokoni.

Kwa wenye hoteli, basi, nasema hivi: saa kumi na mbili asubuhi wageni wenu bado wamelala au wamekwisha kuondoka kwenda mlimani na mbugani. Saa hiyo moja, mara mbili kwa wiki, mkiwapa wanafunzi wa shule za kutwa wakiwa na mwalimu wao na mwokoaji, haitawapunguzia kitu. Kwa wakuu wa shule, wekeni mtihani mezani kama yule mkuu wa Budapest, na mwacheni kijana aogelee. Taifa letu tayari linapeleka waogeleaji Olimpiki. Collins Saliboko na Sophia Latiff walituwakilisha Paris mwaka 2024, na sioni sababu ya mkoa wenye vichwa vya hesabu kama huu wetu kukaa pembeni.

Na kwako, Mhariri, ninalo ombi. Ukurasa wako wa michezo ukiandika mashindano ya kuogelea ya shule hutaja aliyeshinda na shule anayotoka, basi. Tafadhali andika na muda wa kila mwogeleaji, urefu wa bwawa, na kama muda ulipimwa kwa saa ya mkono au kwa mtambo. Walimu wa fizikia watapata mazoezi ya bure ya darasani, na mtoto aliyeshika nafasi ya sita ataweza kuona amepunguza sekunde ngapi tangu mwaka jana.

Wako,

Mhandisi mstaafu wa simu,
Moshi, Kilimanjaro